Kisahani cha nne, na chumvi iliyosagwa

Natengeneza seli ya kuzalisha umeme kwa haidrojeni, na ndani yake kisahani cha nikeli chenye matundu kinakaa kati ya maji ya potasi na gesi. Kisahani cha tatu kilivuja. Nilimimina maji ya potasi upande mmoja, na kabla sijamaliza chai yalishatokea upande wa haidrojeni. Nikiongeza mgandamizo wa gesi kuyazuia, gesi nayo inatoboa na kububujika.

Kwa anayeanza kunifuatilia leo: nachanganya unga wa nikeli na chumvi, nakandamiza kwa jeki ya gari, kisha nachoma ndani ya kopo la chuma lililoshindiliwa mkaa uliosagwa ili nikeli isipate kutu ya moto. Chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801, kwa hiyo naishia 750. Kikipoa nakichemsha, chumvi inatoka, matundu yanabaki. (Unga niliuagiza ng'ambo, na nikeli ya Kabanga imelala ardhini pale Ngara. Basi tu.)

Tundu hufuata punje ya chumvi. Ya dukani, punje za karibu milimita 0.3, inatoa tundu ambalo maji yake hufukuzwa na mgandamizo wa sentimita 10 tu za maji (uzito wa maji yaliyosimama kimo hicho). Kipimo changu ni mpira wa maji uliofungwa ukutani na pampu ya baiskeli: nasukuma polepole, naangalia kiputo cha kwanza. Kisahani cha tatu kilitoa kiputo kwenye sentimita 9.

Dawa aliipata zamani Mwingereza Francis Bacon, aliyeonyesha seli ya namna hii ya kilowati 5 mwaka 1959: tabaka mbili, matundu makubwa upande wa gesi, madogo upande wa maji. Gesi inayasukuma maji kutoka kwenye makubwa, ikifika kwenye madogo inakwama. Pale pale ndipo umeme unapozaliwa.

Basi nikaingia kwenye kinu, kusaga chumvi iwe laini nipate matundu madogo. Kiangazi cha Dodoma kinasaidia, chumvi inabaki kavu kama vumbi. Dar ingeganda mkononi. Nikachekecha kwa kitambaa cha kilemba. Mama mwenye nyumba akasimama mlangoni: "Baba, chumvi yote hiyo unaila na nini?" Nikamwambia na nikeli, mama. Akaondoka.

Jaribio la kwanza lilipinda kama kaukau, maana tabaka laini husinyaa zaidi. Nikalipunguza unene. Cha nne kimetoka bapa, kiputo cha kwanza kwenye 41.

Usiku kucha nimekiacha na gesi ya sentimita 20. Asubuhi upande wa gesi haukuwa na tone, isipokuwa ukingoni, penye ufa wa urefu wa ukucha. Volti sijapima. Kwanza niuzibe ufa.