Rubani mwenye ndevu

Jana nilikuwa na wasichana wa kikundi chetu cha kuchora, nikawaambia chora mtu unayetaka kuwa ukikua, basi. Mmoja akachora rubani, tena ana ndevu! Namuuliza huyu ndo wewe? Akacheka, eti si marubani ndo wako hivyo. Nikakumbuka utafiti wa Chambers wa 1983, watoto karibu 5,000 waliambiwa wachore mwanasayansi, waliochora mwanamke 28 tu na wote wasichana, yaani mvulana hata mmoja hakuna jamani. Hotuba sikutoa, nilimpa karatasi nyingine tu. Kimyaaa, mara naona rubani ana hereni na nywele kasuka, na mwenzake pembeni keshaanza kufuta sharubu za daktari wake 😂