Walawi mwaloni Kibirizi: nilivyozoea kumsikiliza Mungu kwa kusoma sura kwa sura

Wengi wetu tuliokulia kanisani tunazijua Zaburi ya 23, ya 91 na ya 121 kwa moyo. Ni maneno matamu na yametuvusha mengi. Lakini mtu akisoma yale anayoyapenda tu, Mungu atamwambia lini jambo ambalo hakuliuliza? Swali hilo ndilo lililonifanya niamue kusoma Biblia kuanzia Mwanzo, sura moja kwa siku, bila kuruka. Kufungua popote na kuweka kidole kwenye mstari sikukubali, na hadi leo siwashauri watu wafanye hivyo.

Mimi nauza dagaa mwaloni Kibirizi, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, hapa Kigoma. Asubuhi si wakati wangu wa kusoma hata kidogo, maana mitumbwi inaingia alfajiri na kila mtu anakimbilia mzigo. Nafasi yangu ni mchana, dagaa wakishaanikwa kwenye vichanja na kazi iliyobaki ni kuwageuza na kufukuza kunguru. Naomba kwa maneno ya kijana Samweli, "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia", kisha nasoma sura kwa sauti, taratibu. Nasoma tena kimya. Halafu natulia na kumuuliza Bwana: hapa unajionyesha kuwa nani, na leo unataka nifanye nini? Jibu, kama lipo, naliandika kwenye daftari lile lile la mauzo, upande wa nyuma. Siku nyingine siandiki kitu, nafunga kitabu na kuendelea na kazi.

Mwanzo na Kutoka havikunisumbua, ni habari tamu. Nilionywa kwamba nitakwama Walawi. Kumbe Walawi ndiyo iliyonishika.

Sura ya 19 inamwagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuokota zabibu zilizoanguka. Aziache kwa ajili ya maskini na mgeni. Nilikuwa nasoma hayo nimekaa kando ya kichanja. Dagaa wakigeuzwa, wapo wanaodondoka mchangani. Kwa kawaida hufagiwa, wakachekechwa, wakauzwa chakula cha kuku. Na kila siku kuna bibi mmoja anayepita na beseni lake akitazama chini ya vichanja, akingoja tumpe ruhusa. Tena neno "mgeni" hapa kwetu halihitaji maelezo: watu wamevuka kutoka Kongo na Burundi, tunaishi nao. Nikamwambia binti anayenisaidia, "Mwanangu, leo usifagie." Bibi alipofika nikamwamkia, nikamwambia aokote tu, na kesho aje tena bila kuomba. Alinijibu, "Mungu akuzidishie, mama."

Siku chache baadaye uvuvi Ziwa Tanganyika ukasimamishwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili ziwa lipumzike na samaki wazaane. Mwaloni gumzo lilikuwa moja: tutakula nini? Nami kwa mpangilio wangu nikawa nimefika sura ya 25, Mungu anapoagiza nchi ipumzishwe mwaka wa saba, isipandwe. Mstari wa 20 unataja watu wakiuliza swali lile lile letu. Nilisoma mstari huo mara nyingi sana mchana ule. Siwezi kusema Walawi iliandikwa kwa ajili ya ziwa letu. Waliambiwa Israeli, kuhusu mashamba yao. Ila nilimwona Mungu ambaye swali la chakula halimuudhi. Hakuwakaripia, aliwaahidi baraka ya mwaka wa sita. Hofu ilipungua, nikakaa na kupanga: dagaa wakavu niliokuwa nao niuze kidogo kidogo, na fedha inayobaki ninunulie maharage ya Kasulu nisogeze biashara. Miezi ile ilikuwa migumu, lakini sikulala nikihangaika.

Ziwa lilipofunguliwa nikaendelea na zamu yangu, na mwezi Septemba nikafika Ruthu. Sura ya 2, Boazi anawaagiza vijana wake wachomoe masuke kwenye matita na kuyaacha makusudi ili Ruthu aokote. Makusudi! Tangu hapo binti yangu wa kazi akigeuza dagaa anadondosha kidogo zaidi upande anaopita bibi.

Jambo moja nalishika sana. Wazo likinijia nikiwa nasoma, silikimbilii kuliita sauti ya Mungu. Nalipima na Maandiko mengine, kama watu wa Beroya katika Matendo 17 waliochunguza kila siku, na likiwa zito nampelekea mchungaji. Mungu hawezi kuniambia leo nimdhulumu mtu ambaye jana kwenye Neno lake aliniagiza nimwachie masazo.

Kwa anayetaka kuanza, simtumi Walawi moja kwa moja. Aanze na Marko, sura 16 tu, kisha arudi Mwanzo. Bibi wa beseni hasomi vizuri, macho yamechoka, hivyo siku hizi anakaa nami kivulini wakati wa kugeuza dagaa na mimi nasoma kwa sauti kwa ajili yetu wote wawili. Maswali yake ni makali kuliko yangu. Juzi aliniuliza kwa nini Ayubu hakujibiwa mapema, na bado tunalisoma.