Maua ya katikati ya meza kwa gharama ndogo: anza na mdomo wa chombo

Kabla hujahesabu maua, pima mdomo wa chombo utakachoyawekea. Gharama inaamuliwa hapo. Chupa yenye mdomo wa sentimita 3 hutosheka na mabua mawili au matatu, nayo husimama yenyewe. Chombo chenye mdomo wa sentimita 10 kinadai mabua 15 hadi 20. Ukikipa saba, yote yanalala ukingoni na katikati panabaki shimo. Anayenunua maua kwanza, kisha akaenda kabatini kutafuta jagi, karibu kila mara hurudi dukani kuongeza. Sisi tunashauri kinyume chake: vyombo vidogo vingi, maua machache katika kila kimoja, na pesa inayobaki inunue maua mawili matatu yenye sura nzuri kweli.

Upana ukishajulikana, angalia kimo. Weka kiwiko mezani, inua mkono wima, kunja ngumi: maua yasiipite ngumi hiyo. Ni kama sentimita 30. Yakizidi, wageni wanaanza kuchungulia pembeni ili waonane, na kabla chakula hakijaisha mtu atalibeba pambo lako na kuliweka sakafuni. Ukitaka kitu kirefu, kiwe kirefu kweli: maua yaanzie juu ya sentimita 60, na chini yake pawe na mabua matupu au kisimamo chembamba. Kati ya 30 na 60 ndipo pabaya.

Safu ya chupa

Kwa meza ndefu hakuna njia rahisi kuliko hii. Chukua meza ya mita 2.4 inayokaliwa na watu wanane, wanne kila upande. Acha sentimita 45 tupu kila mwisho. Katika mita 1.5 inayobaki panga chupa nane, zikiachana kwa takriban sentimita 20. Tatu zipewe ua moja kubwa kila moja: waridi, jabera, ranankulasi. Tatu nyingine zipewe mabua mawili mawili ya maua madogo. Mbili za mwisho ziwe na majani tu, vijiti viwili kila moja, kama rozmari, mkaratusi au tawi lolote la bustanini ambalo halinyauki upesi. Meza nzima imepambwa kwa mabua 13.

Chupa zitofautiane kimo, kati ya sentimita 8 na 15, na zisikae kwenye mstari ulionyooka. Sehemu ya bua inayotokeza juu ya chupa ilingane na kimo cha chupa, au ikizidi, iwe mara moja na nusu tu. Za jemu, za sosi na za dawa zote zinafaa. Lebo hutoka zikilowekwa nusu saa katika maji ya moto yenye sabuni. Gundi inayobaki ipake mafuta ya kupikia, iache dakika kumi, kisha osha.

Udhaifu wa chupa ni maji. Ni machache, na tulipu au haidranjia zinaweza kuyashusha hadi chini ya ncha za mabua kwa siku moja. Jaza karibu na shingo, na asubuhi ya shughuli pita tena na jagi lenye mdomo mwembamba.

Bakuli, selotepu na wavu

Meza ya duara hupendeza na bakuli moja la chini. Kwa meza yenye kipenyo cha sentimita 150, bakuli la sentimita 15 kwa upana na 8 kwa kina linatosha, na maua yakishatandazwa upana wake usizidi theluthi ya meza, yaani kama sentimita 50. Zaidi ya hapo sahani na glasi hukosa nafasi.

Bakuli halishiki mabua, kwa hiyo linahitaji kitu cha kuyashika. Cha bei ndogo kabisa ni selotepu. Kausha ukingo vizuri. Ukingo wenye unyevu ndio sababu selotepu huachia katikati ya sherehe. Vuta vipande sambamba juu ya mdomo, kila kimoja umbali wa sentimita 2 na kingine, halafu vingine vikikatiza hivyo, upate vyumba vya mraba. Zungusha kipande kimoja kirefu kwenye ukingo kufunga ncha zote. Mimina maji taratibu kupitia chumba kimoja, uache sentimita 2 kutoka juu.

Sasa majani kwanza: vijiti sita au saba kuzunguka ukingo, vikiinamia nje hadi vifunike selotepu. Kisha maua makubwa matano, kimoja karibu na katikati, vingine vikiwa na vimo tofauti. Kisha ya kati saba. Mwisho jipsofila au maua yoyote madogo ya kujazia. Matawi mawili yakigawanywa yanatosha. Mabua yakatizane ndani ya maji, maana yanapokatizana ndipo yanaposhikana. Kosa la kawaida ni kuvipa vichwa vyote kimo kimoja, na pambo likatoka kama kofia. Kosa la pili huonekana saa chache baadaye: ua la pembeni lililoinamishwa sana, ncha yake haikufika majini.

Wavu wa waya, ule wa kuzungushia banda la kuku, ni bora kuliko selotepu ukiwa na mapambo ya kila mwezi. Kata mraba wenye upana maradufu ya bakuli, ufinyange uwe donge lililolegea, uingize, ushikize kwa vipande viwili vya selotepu vilivyokatizana. Huoshwa na kutumika tena miaka na miaka.

Sponji ya maua, ile ya kuchomekea mabua, hatuipendi kwa meza za nyumbani. Ni plastiki inayomomonyoka kuwa chembe ndogo, haioshwi ikatumika tena, na haivumilii haraka. Ukilazimika kuitumia, iweke juu ya maji izame yenyewe. Ukiisukuma kwa mkono, nje inaloa lakini ndani kunabaki hewa, na ua lililochomekwa hapo linanyauka huku sponji ikionekana imejaa maji. Vilevile, bua likishachomekwa lisivutwe nje kidogo, kwani ncha huacha pengo la hewa chini yake. Litoe kabisa, lichomeke mahali papya.

Asiye na muda wa hayo yote aache maua yaelee majini. Bakuli pana, maji ya kina cha sentimita 5 hadi 7, na vichwa vitatu vya jabera au waridi lililochanua vilivyokatwa hadi vibaki na kikonyo cha sentimita 2. Vichwa vyenye petali nyingi huelea vizuri. Vyembamba huloa na kuzama. Viweke majini saa moja au mbili kabla ya wageni, si usiku wa kuamkia.

Maji ndiyo kazi yenyewe

Maua mengi yanayokufa mapema hayakufa kwa uzee. Yamekufa kwa kiu, yakiwa ndani ya maji. Bua likikaa nje ya maji, hewa huingia katika mishipa yake na kuiziba. Likikaa katika maji machafu, bakteria hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kata upya sentimita 2 hadi 3 mshazari mara tu yakifika nyumbani. Mshazari kwa sababu ncha iliyonyooka inaweza kukaa bapa sakafuni mwa chombo na kushindwa kunywa. Tumia kisu kikali au mkasi wa bustani. Mkasi wa karatasi huponda mishipa ya bua laini. Ondoa kila jani litakalokuwa chini ya maji, kwani huoza. Halafu yasimamishe kwenye ndoo safi, mahali pa baridi na kivuli, saa sita au usiku mzima, ndipo uyapange. Hatua hii watu huiruka kuliko zote.

Chakula cha maua kinatengenezwa jikoni. Kwa lita 1 ya maji: sukari kijiko 1 cha chai, maji ya limau vijiko 2 vya chai, na robo ya kijiko cha chai cha dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Sukari ni chakula, limau hufanya maji yawe na tindikali na kupanda vizuri, klorini huzuia bakteria. Sukari peke yake ni hasara, maana inawalisha bakteria kabla ya ua. Na klorini isikutane na limau kabla ya kuingia kwenye maji: zikichanganywa zikiwa kali hutoa gesi ya sumu. Tia moja, koroga, tia nyingine. (Sarafu ya shaba ndani ya chombo haisaidii, shaba haiyeyuki kiasi cha kuua chochote.)

Mengine hutegemea ua lenyewe.

Tulipu huendelea kurefuka baada ya kukatwa, na hujipinda kufuata mwanga. Uliyoipanga jioni ikalingana na wenzake, asubuhi imewapita kwa vidole viwili. Zikate fupi kuliko unavyotaka, na maji yawe ya baridi. Dafodili hutoa ute unaodhuru maua mengine, hasa tulipu. Ziloweke peke yake usiku mzima, kisha zichanganye bila kuzikata tena, kwani ukikata ute unaanza upya. Ranankulasi na anemoni zina mabua laini yanayooza haraka, kwa hiyo maji ya sentimita 5 hadi 8 yanazitosha.

Haidranjia ikilegea, zamisha kichwa chote majini dakika 30 hadi 45. Hunywa hata kwa petali. Waridi lililoinamisha shingo lina hewa ndani ya bua: likate sentimita 3, lifunge kwa karatasi likiwa limenyooka, lisimamishe katika maji ya vuguvugu yanayofika karibu na kichwa kwa saa moja. Mara nyingi hurudi. Mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa ichomwe ncha kwa moto sekunde chache, na vaa glavu, maana utomvu wa baadhi yake huwasha ngozi na macho.

Yungiyungi hutia doa. Nyofoa vifuko vya chavua mara tu ua linapofunguka, kabla havijakauka vikawa unga. Chavua ikimwagikia kitambaa, usifute kwa maji. Iinue kwa selotepu. Na nyumba yenye paka isiwe na yungiyungi kabisa, kwani hata chavua au maji ya chombo hicho vinaweza kuharibu figo za paka.

Vinavyokaa karibu na maua

Ndizi mbivu na tufaha hutoa gesi ya ethilini, na karnesheni iliyo karibu nazo hujifunga petali isifunguke tena. Ukitaka matunda katika pambo, tumia malimau au ndimu, ambazo hutoa kidogo sana. Maua yenye harufu kali, kama hiasinthi na yungiyungi, yakae mlangoni, si mbele ya sahani. Dafodili na oleanda zina sumu, kwa hiyo zisipambe keki wala ukingo wa glasi.

Kuhusu rangi tuna msimamo mmoja tu: rangi moja katika maua ya aina nne huonekana ya gharama kuliko rangi tano katika aina moja. Kwa sherehe ya usiku epuka zambarau iliyokoza na bluu. Kwenye mwanga wa mishumaa huwa kama nafasi tupu. Nyeupe, manjano hafifu na waridi mpauko huonekana.

Mimea ya vyungu nayo isidharauliwe. Vyungu vitatu vidogo vya primula au hiasinthi vilivyofungwa kitambaa ni pambo kamili, na baadaye mimea hiyo inapandwa ardhini. Vimwagilie siku moja kabla, viwekwe juu ya visahani, vinginevyo kitambaa cha meza kitalowa. Matawi ya miti ya matunda pia ni karibu bure kwa mwenye bustani: yakate matumba yakiwa yamevimba, pasua ncha sentimita 3, yaweke katika maji ya vuguvugu kwenye chumba chenye ubaridi. Huchanua baada ya wiki moja hadi tatu, kutegemea yalivyokuwa karibu na msimu wake. Matawi matano katika jagi zito lenye kokoto chini ni ya meza ya kupakulia chakula, si ya kulia.

Siku zinavyopangwa

Yungiyungi zinunuliwe siku 3 au 4 kabla, zikiwa matumba, zipate muda wa kufunguka. Mawaridi, karnesheni na krisanthemamu siku 2. Tulipu na ranankulasi siku 1, zikiwa zimefunga. Ongeza ua moja kwa kila kumi, maana kuna shingo zitakazovunjika. Panga jioni ya kuamkia shughuli, na usiyaache chini ya feni wala dirishani penye jua.

Kama shughuli iko mbali, usisafirishe chombo kilichojaa. Acha maji theluthi tu, simamisha vyombo kwenye boksi, jaza mapengo yote kwa magazeti yaliyofinyangwa hadi boksi likitikiswa pasitikisike kitu, na boksi likae sakafuni mwa gari, si kitini. Beba lita 5 za maji, mkasi na mabua machache ya akiba. Utajaza na kurekebisha ukishafika, baada ya vitambaa vya meza kutandikwa.