Indaka

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Ijumaa hii nimekwama kwenye neno moja la Suratul Israa, aya ya 23: *indaka*. Wazazi wakifikiwa na uzee *indaka*, yaani kwako, hapo ulipo wewe. Ndipo linapokuja katazo la kuwaambia "uff", ile sauti ya kuchoshwa.

Miaka yote nilijihesabu nimeishika aya hii. Sijapata kumkemea mama. Lakini ningemkemea wapi? Mimi niko Unguja, yeye yuko Wete, na pesa natuma kwa simu.

Mwezi uliopita nilivuka Pemba kwa siku nne. Dada akaniachia usiku mmoja, yeye akalale kwa mwanawe. Akanipa masharti: mgeuze ubavu kila saa mbili asije akaota vidonda, nailoni chini, kanga juu, akitaka uji mnyanyue kichwa, asipaliwe. Hata kufika saa nane nimeshabadilisha kanga tatu. Ya nne iko mkononi, inachuruzika, neno lile likanitoka. Tena si kwa sauti. Mama akageukia ukutani: "Nakusumbua, mwanangu."

Dada huu mwaka wake wa sita. Msimu wa karafuu wenzake huenda kuchuma na kuchambua, warudi na chao. Yeye yuko na beseni. Mgongo unamuuma, na ukimuuliza atakwambia alhamdulillahi. Sisi ndugu wanne tunamwambia pepo yake ishapatikana, utadhani pepo ni ujira tunaomlipa sisi. Nikilikumbuka hilo naona haya.

Pencheni jamii ya serikali, iliyoanza 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, inasaidia sabuni na dawa. Haimgeuzi mtu usiku. Nyumba za wazee zipo, Sebleni, Welezo, na kule Limbani, ila wengi wetu tunaona aibu hata kuzitaja, na aibu hiyo (tuseme kweli) tunawatwisha wanawake.

Mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kwenda jihadi. Akaulizwa, wazazi wako wahai? Akasema ndiyo. Akaambiwa, basi fanya jihadi kwa hao. Hadithi hii tunaijua sote, imo kwa Bukhari na Muslim. Mimi sikuwahi kuisoma pamoja na Suratun Nisaa aya ya 102, sala ya khofu: kundi moja linasali, jingine linalinda, kisha wanapokezana. Vitani kwenyewe Mwenyezi Mungu kaweka zamu. Nyumbani kwetu askari mmoja analinda miaka sita.

Nimewapigia ndugu zangu tupange zamu. Mmoja kakubali. Mwengine kasema ataongeza pesa. Yangu inaanza Jumamosi, wiki mbili, na dada kaniuliza jambo moja tu:

"Utaweza kumgeuza bila ya kumvuta mkono?"