Kikaushio, wiki ya 11: mchicha unakunywa maji usiku

Nimeupata. Baada ya wiki tisa za kuhangaika, ndoo tatu za mchicha ulioota ukungu na bomba la hewa nililolirefusha mara nne, nimeupata ugonjwa. Na haukuwa kwenye kikaushio kabisa.

Kifaa ni kilekile, kikaushio cha jua cha mboga: kisanduku cheusi cha kupashia hewa, trei nne ndani ya kabati lenye giza, bomba juu. Giza silibadilishi, hata anayenicheka aendelee. Beta-karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haielewani na mwanga wa jua, na majani yakipauka kama nyasi za kiangazi tutakuwa tumekausha nyuzinyuzi tu. Wavu wa trei sasa ni wa plastiki. Ule wa chuma uliopakwa zinki niliutoa wiki ya pili, chakula hakilali juu yake.

Shida yenyewe mnaijua. Majani yanatoka yakiwa yanavunjika mkononi, tunajaza ndoo, tunafunga. Siku ya kumi nafungua nakutana na harufu ya godoro lililonyeshewa.

Nikaanza na hewa. Ukiipasha nyuzi 10 zaidi, unyevu wake wa uwiano (maji iliyobeba ukilinganisha na inayoweza kubeba) unashuka karibu nusu, na mimi nilikuwa na nyuzi 55 kwenye trei ya chini saa saba mchana. Kwa hesabu hiyo mchicha hauna pa kujificha. Kwa hiyo nikasema mtiririko ni mdogo. Nikarefusha bomba. Ukungu. Nikapanua matundu ya chini, nikarefusha tena. Ukungu. Nikajaribu hadi kipimo cha chumvi cha wakulima wa mahindi: chumvi kavu na nafaka kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika 15, ikinata kwenye kuta ujue mzigo bado una maji. Kwa mahindi nakiheshimu. Kwa majani chumvi inajificha kwenye mikunjo, huoni kitu.

Jumamosi iliyopita binti mmoja wa kikundi cha vijana tunaokausha nao, mdogo kuliko wote, alifika mapema akataka kujifunza mizani. Nikamwambia apime trei ya pili, nikaendelea kusafisha ndoo.

"Dada, 127."

Nikamwambia arudie, maana daftari langu la jana jioni lilisema 109.

"127. Mbona yameongezeka?"

Nilikaa chini palepale. Trei ilianza na kilo 1 ya majani mabichi. Mchicha ni maji kwa karibu asilimia 90, kwa hiyo vitu vikavu ni kama gramu 100. Gramu 109 maana yake maji yamebaki chini ya asilimia 9: safi kabisa, funga. Gramu 127 ni asilimia 21, yaani bustani ya ukungu. Zile gramu 18 zilitoka kwenye hewa ya usiku. Kisanduku kikipoa, hewa yenye umande inaingia kwa matundu, na majani makavu hunyonya unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi. Na sisi tunafungasha lini? Asubuhi, kwa sababu vijana huja asubuhi! Kila nilipopanua matundu nilikuwa naufungulia usiku mlango mpana zaidi. Wiki tisa nilipima jioni tu, nikajisifu, nikaenda kulala.

Sheria mpya ni kwamba hakuna trei inayolala kikaushioni. Tunaweka nusu kilo kwa trei badala ya kilo ili yamalize siku hiyohiyo, na tunafunga saa tisa alasiri. Vijana wamenung'unika kuwa mzigo umepungua nusu, wana haki. Mara ya kwanza nilifunga majani yakiwa bado ya moto, baada ya saa moja chini ya kifuniko kulikuwa na matone kama jasho. Sasa yanapoa nusu saa kivulini, yamefunikwa, ndiyo yaingie ndoo.

Kuhusu vifaa: kihisi cha unyevu kinachotuma namba kwenye simu kilinipa grafu nzuri sana na hakikuniambia lolote, kwa sababu nilikuwa naangalia mchana tu. Mizani ya jikoni ndiyo ilisema kweli. Ningekuwa na fedha ya kifaa kimoja, ningenunua mizani ya pili.

Wiki hii nilipanga kuanza fomu ya mlo wa saa 24 kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49: unauliza walikula nini, unahesabu makundi ya vyakula kati ya 10, na mlo wenye angalau 5 unahesabiwa kuwa mchanganyiko wa kutosha. Nilitaka kuona kama mchicha wetu unamtoa mtu kwenye makundi 4 hadi 5 katika miezi ambayo bustani zimekauka. Sijaanza. Yuleyule binti alisaga majani yaliyovunjika akapata unga wa kijani laini, na kichwa changu kikahamia huko. Fomu haihesabu kitu kilicholiwa chini ya gramu 15. Kijiko cha unga kina gramu chache tu, lakini gramu 5 zimetoka kwenye gramu 50 za majani mabichi. Je, aliyekoroga unga huo kwenye mchuzi amekula mboga za majani au kiungo? Nimeandika kurasa tatu kuhusu hilo na bado sijamhoji hata mtu mmoja.

Vijana wao wanauliza kama kikaushio kinakubali vitunguu, kwa kuwa vitunguu vinauzika. Hakuna aliyewahi kuja Jumamosi kwa ajili ya vitamini A, tusidanganyane. Tutajaribu trei moja.

Ndoo ya nne ina siku sita, inanukia majani makavu. Siku ya kumi naifungua mbele yao wote. Bomba nimeliacha refu vilevile. Sina nguvu ya kulikata.