Johnny Young, Mwimbaji Aliyewapa Wengine Nyimbo na Jukwaa

Waaustralia wengi wakitajiwa Johnny Young hukumbuka kipindi cha televisheni cha watoto, na kwa maoni yangu kumbukumbu hiyo imeifunika kazi yake iliyo nzito zaidi, yaani utunzi. Alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1947, akakulia Perth, na kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa ameshaendesha kipindi cha muziki wa vijana katika televisheni ya huko. Mwaka 1966 alivuma kwa wimbo "Step Back", uliotungwa na Stevie Wright na George Young wa bendi ya The Easybeats, kisha akahamia Melbourne na kukabidhiwa The Go!! Show, kipindi cha televisheni cha muziki wa pop.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu (mashabiki wake wataniwia radhi), lakini kalamu yake haikuwa ya kawaida hata kidogo. "The Real Thing", aliyoitunga naye Russell Morris akaiimba mwaka 1969, ina urefu wa zaidi ya dakika sita, wakati redio zilikuwa zimezoea nyimbo za dakika tatu. Mtayarishaji wake, Molly Meldrum, alirundika humo kwaya na sauti za kila namna hadi ukaishia kwa mlipuko, na bado ukashika nafasi ya kwanza nchini. Mimi hupenda zaidi "Smiley", ulioimbwa na Ronnie Burns, kwa kuwa kwa upole mwingi unamzungumzia Normie Rowe, nyota wa muziki aliyeitwa jeshini kwa lazima na kupelekwa vitani Vietnam. Hata bondia Lionel Rose, aliyekuwa bingwa wa dunia, alipata wimbo uliopendwa sana, "I Thank You", kutoka kwa mtunzi huyo huyo.

Mwaka 1971 alianzisha Young Talent Time, kile kipindi cha watoto nilichokitaja mwanzoni, kilichorushwa hadi 1988. Kila kipindi kilifungwa kwa "All My Loving" wa The Beatles, Young akiuimba taratibu huku watoto wamemzunguka, nao wakimwitikia. Wapo waliouona mwisho huo kuwa wa kubembeleza kupita kiasi, na siwalaumu, ila ni katika kundi hilo hilo ambamo Debra Byrne, Tina Arena na Dannii Minogue walijifunza kazi ya jukwaani wakiwa bado wadogo. Mwaka 2010 Young aliingizwa katika orodha ya heshima ya ARIA, tuzo kuu za muziki za Australia.