Picha ya Kichwa Imetoka Safi, Mgonjwa Bado Halali

Katika kazi yangu ya unasihi hapa Malindi, jamaa za wagonjwa huniuliza swali moja kuliko mengine yote: kwa nini mtu wao hapelekwi Mombasa akapigwa picha ya kichwa, ubaya ukaonekana, ukatibiwa? Wengine hawaulizi, huwa wameshachanga fedha na kumpeleka. Mama mmoja mtu mzima alinijia na bahasha kubwa ya hospitali, akatoa filamu nyeusi pamoja na barua ya Kiingereza iliyosema kwamba ubongo hauna kasoro, akaniambia, “Mwanangu, mashine haikuona kitu. Basi huyu ana nini?” Mwanawe alikuwa ameketi kando yake akitazama sakafu. Alikuwa halali usiku, ameacha kuendesha bodaboda, chakula hakimpiti kooni, na nyumbani ile barua ilikwisha kusomwa kuwa ni ushahidi kwamba anajifanya. Ami yake alisema ni uvivu. Wengine walisema asomewe, anyweshwe kombe.

Nilimjibu hivi: “Mama, picha hii hutafuta damu iliyovuja, uvimbe, au jeraha la ajali. Hayo hayapo, na tumshukuru Mungu. Lakini ugonjwa alio nao mwanao hautafutwi hivi.” Ukilitazama jahazi lililopandishwa mchangani utajua kama mbao zake zimeoza, ila hutajua linavyokwenda baharini wakati wa kusi. Skani ya kawaida ya hospitali huonyesha umbo la ubongo, ilhali sonona, yaani huzuni nzito isiyokwisha, na wasiwasi uliopita kiasi ni mambo ya utendaji wake, yaani jinsi sehemu moja inavyowasiliana na nyingine. Kwa hiyo picha safi haimkanushi mgonjwa hata kidogo.

Zipo picha za aina nyingine, na ndizo zilizonifanya niandike. Skani ya PET hutumia sukari iliyotiwa mnururisho kidogo ili kuonyesha ni sehemu gani za ubongo zinazotumia nguvu nyingi. MRI ya utendaji, yaani mashine ya sumaku inayopiga picha ubongo ukiwa kazini, ambayo msingi wake uliwekwa na Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990, hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo wakati mtu anapofikiri, anapotazama picha ya uso wenye hofu, au anapolala tu ndani ya mashine bila kufanya lolote. Kwa njia hizi watafiti walianza kuuliza swali ambalo sisi wanasihi tulikuwa tukilijibu kwa kubahatisha: mgonjwa huyu atafaidika zaidi na dawa, au na tiba ya mazungumzo?

Jibu la kwanza lililonigusa ni la zamani kidogo. Mwaka 1992 Lewis Baxter na wenzake huko Los Angeles walichapisha matokeo ya kundi dogo la watu wenye ugonjwa wa kurudia-rudia mawazo na vitendo, kama yule asiyeacha kunawa mikono hata ngozi ikachubuka. Baadhi walipewa dawa ya fluoksetini, wengine wakapewa tiba ya tabia bila dawa. Waliopata nafuu, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, walionyesha badiliko la namna moja: matumizi ya sukari yalipungua katika kiini cha ndani ya ubongo kiitwacho kaudeti, upande wa kulia. Tangu niyasome matokeo hayo sijapata shida kumjibu mtu anayeniambia kwamba kazi yangu ni maneno matupu, maana maneno yaliyopangwa vizuri na mazoezi yake yameonekana kwenye kipimo yakifanya kazi mwilini.

Hatua iliyofuata ndiyo nzito zaidi. Mwaka 2013 kikundi cha Helen Mayberg, kilichokuwa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, kilipima kwa PET ubongo wa wagonjwa wa sonona kabla ya matibabu, kisha kikawagawa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa dawa ya esitalopramu, wengine tiba ya utambuzi na tabia, ambayo ni aina ya tiba ya mazungumzo, kwa wiki 12. Katika uchanganuzi wa wagonjwa 38 ambao matokeo yao yalikuwa bayana, eneo moja lilijitokeza kuliko mengine, nalo ni sehemu ya mbele ya insula ya kulia. Wale ambao eneo hilo lilikuwa na shughuli ndogo walipona kwa mazungumzo na hawakufanya vizuri kwa dawa. Wale ambao lilikuwa na shughuli nyingi ilikuwa kinyume chake.

Hapa naomba nitoke kando kidogo. Insula, pamoja na kazi zake nyingine, ni mahali ambapo ubongo husoma habari za mwili wenyewe: mapigo ya moyo, tumbo kujikunja, pumzi kubana. Na wagonjwa wetu wa pwani huanza kueleza maradhi yao kutoka huko huko mwilini. Haingii mtu ofisini akasema ana huzuni. Husema moyo wamwenda mbio, kichwa chamgonga, mwili umemlegea kama aliyepigwa. Sidai kwamba jambo hili limethibitisha lolote, ila lilinifanya niache kuyaona malalamiko ya mwili kuwa kizuizi cha kupita haraka ili nifike kwenye “tatizo lenyewe”. Siku hizi naanza nayo, na mara nyingi natulia hapo muda mrefu.

Kikundi hicho cha Emory kilirudi mwaka 2017 na matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, safari hii kwa MRI, yakiashiria kwamba mawasiliano ya eneo lililo chini ya sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine yanaweza kutenganisha wanaofaa dawa na wanaofaa mazungumzo. Kisha mwaka 2024 Leanne Williams na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza kwamba walipopima watu 801 wenye sonona na magonjwa ya wasiwasi waliweza kuwagawa katika aina 6 kwa kufuata utendaji wa ubongo. Kati yao, 250 walikuwa wamepangiwa kwa bahati nasibu dawa moja kati ya tatu au tiba ya mazungumzo ya kitabia. Aina moja iliitikia vizuri zaidi dawa ya venlafaksini, nyingine ikafaidika zaidi na mazungumzo. Huo ndio msingi wa matumaini kwamba siku moja sonona itagawanywa kama homa inavyogawanywa kwa kupima damu.

Matumaini hayo nayapokea, lakini kwa tahadhari. Wavuvi wa hapa watafurahia kisa hiki: mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake waliweka samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine ya MRI, wakamwonyesha picha za watu na kumtaka aeleze watu hao wanahisi nini. Bila kurekebisha hesabu kwa ajili ya maelfu ya vipimo vinavyofanywa kwa pamoja, kompyuta ilionyesha vidoa vya “shughuli” katika ubongo wa samaki yule. Walikusudia kuonya, na onyo lao bado lina nguvu. Mwaka 2020 vikundi 70 vya wachanganuzi vilipewa data ile ile ya MRI, vikaafikiana kwa baadhi ya maswali na kutofautiana sana kwa mengine. Mwaka 2022 utafiti mwingine ulionyesha kwamba kuhusisha sura ya ubongo na tabia za watu kwa uhakika huhitaji maelfu ya washiriki, wala si makumi. Wastani wa kundi unaweza kuwa wa kweli na bado usimtoshe mtu mmoja aliyeketi mbele yako.

Ndiyo maana simshauri mtu yeyote wa Malindi auze mbuzi ili akapigwe picha itakayomchagulia tiba. Huduma hiyo bado ni ya maabara. Kwetu uchaguzi kati ya dawa na mazungumzo hufanywa na mambo mengine kabisa: kama amitriptilini, dawa ya sonona, imebaki rafuni, kama mnasihi yupo wiki hiyo, kama nauli ya tuktuk inatosha kurudi tena. Kinachowezekana leo, bila mashine, ni kupima mwenendo wa mgonjwa mwenyewe. Fomu ya PHQ-9 ya kupima uzito wa sonona, iliyokuja mwaka 2001 na inayotumika pia kwa Kiswahili, ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, na jumla yake huanzia 0 hadi 27; kadiri inavyopanda ndivyo hali ilivyo mbaya. Mimi huijaza pamoja na mgonjwa kila anapokuja, nikimsomea kwa sauti asiyejua kusoma. Mtu aliyeanza na 17 akabaki 16 baada ya vikao kadhaa, ninampeleka kwa daktari kuhusu dawa bila kusubiri akate tamaa. Na lile swali la 9, la mawazo ya kujidhuru, silipitishi haraka hata kama jumla imeshuka.

Kama kipimo cha ubongo kitatufikia, nadhani kitakuwa cha umeme wa ubongo, yaani EEG, kwa kuwa ni nafuu na chabebeka. Katika kaunti yetu hii, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome kilichoko mjini Kilifi wamekitumia kwa miaka mingi kuwachunguza watu wenye kifafa, kwa hiyo utaalamu hautaanza sifuri. Ila alama zilizopatikana Atlanta zitapaswa kujaribiwa upya kwa watu wa hapa. Utafiti wa 2017 uliwachukua watu wazima ambao hawakuwa wametibiwa sonona hata mara moja, ilhali mgonjwa wetu hufika akiwa amekwisha kupita duka la dawa, zahanati, mganga na madrasa, na mara nyingi mfukoni ana vidonge ambavyo hakuna aliyemwandikia.